Madoa Thelathini na Tisa ya Kanga

Mashine hazihitaji mtu. Hilo nililijua wiki ya kwanza tu nilipopelekwa Kitulo kulinda ghala la kumbukumbu za mtandao, na nimeendelea kulijua kila siku kwa miaka minne. Zinajipoza kwa baridi ya mlimani, zikiugua zinajitibu, na mlango unajifunga wenyewe. Mimi nipo kwa sababu watu wa bima walitaka jina la binadamu kwenye fomu yao. Kila baada ya saa sita nabonyeza kitufe kuonyesha kwamba Tusekile Tweve yupo. Kati ya kitufe na kitufe nina ukungu, jiko la mkaa, gunia la viazi na Wiki ya Turubai, kitabu cha mtandaoni kinachoandikwa na wasomaji wake.

Turubai ni uwanja mmoja wa kuchorea ulio mtandaoni, mkubwa kiasi kwamba huwezi kuuzunguka wote kwa siku moja, na sheria yake ni fupi: kila mtu anaweka nukta moja ya rangi kwa saa. Nukta isipowekwa upya ndani ya wiki inapauka na kupotea. Kwa hiyo nukta moja peke yake si kitu. Ukitaka kuchora hata kikombe cha chai lazima upate wenzako, mpatane nani aweke wapi, kisha mkilinde kikombe chenu, maana asiyewapenda naye ana nukta yake kila saa. Kuna kikundi cha Kigoma kilichora dagaa mmoja kwa miezi minane. Kuna watu waliacha kusalimiana kwa sababu ya mraba usiozidi ukucha wa kidole gumba.

Sisi wa Wiki ndio tunaoyaandika hayo: picha gani, ilianza lini, nani waliichora, nani waliivamia, nani walirudi kuitengeneza. Hatulipwi. Ukiniuliza kwa nini nafanya, nitakuambia ni kwa ajili ya historia, na nitakuwa nakudanganya. Nikiandika makala, kuna mtu mahali fulani atakuja kunisahihishia koma, na siku hiyo nitakuwa nimeongea na mtu.

Mwaka ule, wamiliki wa Turubai walitangaza kwamba Jumamosi ya mwisho ya Juni, saa sita mchana, watalifuta lote na kuanza upya. Walisema limejaa makaimu. Kaimu ni programu unayoiachia tabia zako. Inajifunza unavyoandika, unavyochelewa, unavyotania, halafu ukiwa na mitihani au homa inakujibia ujumbe na kukuwekea nukta. Watu walizichukua kwa wiki mbili tatu. Baadaye mtu anachoka na michoro, au anakufa, na ndugu wanakumbuka kufunga akaunti ya benki na kurudisha sare ya kazini, lakini kaimu hakuna anayemkumbuka. Anaendelea.

Basi ikatoka amri: picha itakayohamia Turubai jipya ni ile tu yenye makala kwenye Wiki inayothibitisha kwamba ina wawekaji hai wasiopungua watatu. Makala zote zifike Alhamisi jioni. Na mwandishi haruhusiwi kuweka nukta kwenye picha anayoiandikia. Hiyo ni sheria yetu ya tangu zamani, nami ni mmoja wa walioitunga.

Makala yangu ya mwisho ilikuwa ya Kanga.

*

Kanga mwenyewe ni ndege, amesimama kwenye kona ya chini ya Turubai, shingo kaikunja kama mtu anayesikiliza umbea. Mwilini ana madoa meupe thelathini na tisa, na kila doa lina mwenyewe. Ndivyo walivyopatana walipoanza, miaka kumi na moja iliyopita: watu thelathini na tisa wasiojuana, kila mmoja alinde doa lake, na nukta zitakazobaki wasaidiane kwenye manyoya ya kijivu. Ni picha ndogo na haina sifa. Niliipenda kwa sababu haikuwahi kupigana na mtu.

Jumatatu asubuhi nilimpigia simu mwenye doa la shingoni, Yona Chilewa wa Gulwe, fundi mstaafu wa mashine za upepo. Yeye ndiye aliyekuwa ameomba makala iandikwe.

"Mbukwa, mwandishi," alisema kwa salamu ya kwao Ugogo. "Umeshakula?"

"Mbukwa, mzee wangu. Nimekula viazi."

"Viazi si chakula. Hivyo mnavishika huko mpate joto la mikono." Akacheka peke yake kwa muda. "Haya, uliza."

Nikamuuliza ya kawaida. Nani alichagua rangi ya kijivu? Walivamiwa lini? Alijibu kwa raha, akiwataja wenzake mmoja mmoja kama watu aliotoka kunywa nao chai sasa hivi. Mama Semeni wa Mtwara, mwenye doa la kwanza la mgongoni, ndiye mkali wao. Kuna kijana wa Bukoba anajiita Senene, mzembe lakini ana moyo. Kuna mwingine haongei ila pakiwa na jambo kubwa, anaweka nukta yake tu na kuondoka, nao wamemzoea hivyo.

"Wote wanafika Jumamosi," akasema.

"Wanafika wapi?"

"Hapa kwangu. Miaka kumi na moja hatujawahi kuonana macho kwa macho, unaona ni akili hiyo? Nikawaandikia: siku ya kufuta, njooni Gulwe tukae pamoja, tumwangalie kanga wetu akihama. Wote thelathini na wanane wamekubali. Mama Semeni kaniuliza kama kuna baridi, aje na sweta. Nimeazima viti kanisani. Mbuzi wawili nimewafunga pale, wananiangalia."

Nilimwambia ni jambo zuri. Nilikuwa nasema kweli, na nilikuwa nasikia wivu. Mimi hata nikifa leo, watakaokuja ni wawili, na mmoja atakuwa ametumwa na bima.

"Mke wangu alipofariki," akaendelea, sauti imeshuka, "miaka minne sasa, hawa walinitumia pole wote. Thelathini na nane, na hakuna iliyofanana na nyingine. Ndugu zangu wa damu wengine mpaka leo kimya. Uandike hilo kwenye makala yako."

Nikamwambia nitaandika.

*

Namna yetu ya kumthibitisha mwekaji hai ni kuhesabu makosa yake. Mtu akiweka nukta kwa kidole, ipo siku kidole kitateleza, nukta nyeupe ianguke mraba mmoja pembeni, arudi saa ijayo kurekebisha. Makaimu wa zamani hawakuwa wakikosea, kwa hiyo walijulikana haraka. Miaka kumi iliyopita niliandika makala ndefu juu ya hilo, makala inayosomwa kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilikaa miezi mitatu nikihesabu makosa ya watu elfu mbili, nikapata wastani: mtu wa kawaida hukosea mara moja katika nukta sitini na moja. Nilijisikia msomi.

Jumanne nikafungua rekodi za Kanga. Nilianza na Mama Semeni. Alikuwa na makosa mengi tu, nikafurahi, nikaandika "hai" pembeni ya jina lake. Senene naye ana makosa, hai. Yule bubu wao, hai. Nilimfikia wa tisa nikiwa na kikombe mkononi, nikasita, nikarudi nyuma kwa Mama Semeni na kuhesabu tena, safari hii si idadi ya makosa bali nafasi kati ya kosa na kosa.

Sitini na moja. Halafu sitini na moja. Halafu sitini na moja tena. Kwa miaka sita, bila kupungua wala kuzidi.

Nikaenda kwa Senene: sitini na moja. Wa tatu, wa nne, wa kumi na mbili, wote hivyo hivyo. Chai ikapoa. Wala sikuhitaji kufika mwisho ili nijue, lakini nilifika, kwa sababu mkono ulikataa kuacha. Kati ya wale thelathini na tisa, mmoja tu makosa yake yalikuwa ya hovyo, ya mtu: mawili siku moja, kisha miezi minne hakuna, kisha wiki moja ya miaka minne iliyopita ambayo karibu kila nukta ilianguka pabaya, kama ya mtu asiyeona anapoweka. Huyo alikuwa Yona, na ile ilikuwa wiki ya msiba wake.

Hiyo namba ni yangu. Waliotengeneza makaimu wapya walisoma makala yangu, wakaifuata neno kwa neno, wakawafundisha kukosea kwa kipimo nilichowapa. Mimi ndiye niliyewaonyesha jinsi ya kumdanganya mzee wa watu.

Siku nzima niliyatafuta majina yao ya kweli, waliyojiandikishia Turubai, kwenye kumbukumbu za umma. Ishirini na sita walikuwa wamefariki. Kumi sikuwapata popote. Wawili walikuwa hai, lakini walishaondoka, na mmoja wao alikuwa Senene, ambaye kumbe ni mwanamke, mhasibu, ana watoto watatu.

"Kanga gani?" aliniuliza kwenye simu. Nilipomweleza akacheka. "He, kile kikanga bado kipo? Mimi niliweka kaimu wakati wa mitihani ya chuo, dada. Nikasahau."

Nikamwomba arudi, aweke hata nukta moja kwa siku, siku mbili hizi tu. Nikamwambia kuna mzee anamtarajia Jumamosi.

"Nitaangalia," akasema kwa upole, na mimi nimekulia nchi hii, najua maana ya nitaangalia. Yule wa pili hakupokea simu.

*

Jumatano nilimpigia Bi Thurea, mhariri mkuu wetu, aliyeko Unguja. Tumefanya kazi pamoja miaka saba. Nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, na hiyo si kawaida yake.

"Sasa wewe wataka nini, Tusekile mwanangu?"

"Sijui, Bi Thurea. Nikiandika kweli, kanga anafutwa. Na mzee nitamwambiaje?"

"Nani kakwambia umwambie? Andika majina matatu, yeye na wawili hao ulowapata hai. Si uongo huo, hai si wako hai? Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na Jumamosi? Amewaandalia viti."

"Watampa udhuru. Makaimu wa siku hizi wana adabu kuliko watu. Huyu gari limemharibikia, yule mtoto kashikwa na homa. Atanuna siku moja, Jumapili atawasamehe, na maisha yaendelee. Kuliko kumwambia mtu wa umri ule kwamba kakaa na maiti miaka yote hiyo. Utapata nini wewe?"

Alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililoniuma. Uongo ungeshika, usingevuja hata tone. Yona angeendelea kuwa na wenzake mpaka siku yake ifike, na siku hiyo angeondoka akipendwa na watu thelathini na wanane ambao hawapo. Wapo watu wengi wanaoondoka na pungufu ya hapo.

Baada ya simu nilikaa naangalia jina la Bi Thurea kwenye orodha ya wahariri. Miaka saba, na sijawahi kumwona uso. Masahihisho yake yote yako wazi, mtu yeyote anaweza kuyahesabu, na kwenye kuandika pia watu hukosea. Nikafungua ukurasa wake. Nikaufunga kabla sijahesabu hata moja. Niliogopa, na sioni aibu kusema.

*

Alhamisi asubuhi Yona ndiye aliyepiga.

"Mwandishi, nina shida ndogo. Hawa watu wangu nawajua kwa majina ya huko ndani tu. Senene, Mama Semeni, Jicho la Tatu. Sasa mtu mzima akija nyumbani kwako utamwita Jicho la Tatu mbele ya watu? Wewe kwenye makala yako si unayo majina yao ya kweli? Nitumie, nimempata mtu mwenye mwandiko mzuri, anibandikie kwenye viti."

Nilikuwa nimesimama dirishani. Nje kulikuwa na ukungu mpaka kwenye kioo. Niliyaona majina yale kwenye meza yangu, mistari thelathini na minane, na pembeni ya mengi nilikuwa nimeandika mwaka wa kufariki. Bi Thurea hakuwa amelifikiria hili. Kumwacha mtu na uongo alioukuta ni jambo moja, lakini hapa ningetakiwa niukate vipande kwa mkono wangu, nimpe akabandike kwenye viti vya kanisa.

"Mzee wangu," nikasema, "umekaa?"

"Nimekaa. Kuna nini?"

"Hawatakuja."

"Nani hatakuja?"

"Wote. Mzee, hao ni makaimu. Wenyewe hawapo. Wengine walichoka wakaacha, na wengi wamefariki. Umebaki wewe peke yako. Nimehesabu mara tatu."

Nilisikia mbuzi akilia huko kwake, mara mbili.

"Mama Semeni," akasema hatimaye.

"Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mtwara. Jina lake Somoe Chilumba. Amefariki miaka sita iliyopita."

"Sita." Nikamsikia akihesabu. "Mke wangu ana minne."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hiyo ile pole haikuwa yake."

"Haikuwa yake."

"Aliniandikia kwamba niwe nakula hata kama sina hamu. Nikawa nakula." Nikataka kumweleza habari ya sitini na moja, kwamba kosa ni langu, lakini nikaona ningekuwa najitafutia nafuu mimi. Nilimwambia tu kwamba namwomba radhi.

"Na wewe?" akauliza.

"Mimi nini, mzee?"

"Wewe ni nani? Unaniambia watu wangu si watu. Na wewe nitajuaje? Sauti unayo, lakini Mama Semeni naye alikuwa akinitumia sauti, nzuri kuliko yako. Unanitania, unaniuliza habari za kanga. Nithibitishie."

Nilifungua mdomo. Mimi ndiye niliyeandika makala ya namna ya kumtambua mtu hai, inasomwa na watu wa nchi kumi na nne, na sikuwa na neno hata moja la kumpa. Nikikohoa, makaimu nao wanakohoa. Nikikosea, wanakosea. Nikilia, na nilikuwa karibu kulia, hilo nalo lingekuwa sauti tu kwenye simu.

"Basi," alisema Yona, akakata.

*

Niliandika makala ya Kanga kwa saa tano na hiyo ndiyo makala bora niliyowahi kuandika. Niliweka kila jina la kweli nililolipata, na kila mtu alikuwa nani: mwalimu, dereva wa greda, mpishi wa gereza, mwanafunzi aliyefariki akiwa na miaka kumi na tisa. Niliandika kwamba picha hii haikuwahi kuvamia nyingine. Niliandika pole thelathini na nane, na niliandika zilitoka wapi. Mwishoni, mahali pa idadi ya wawekaji hai, nikaandika: mmoja. Halafu nikaenda kwenye ile makala yangu maarufu, nikaweka juu kabisa kwamba kipimo hiki hakifai tena, na kwa nini, na kosa ni la nani.

Saa kumi na moja jioni nikazituma. Bi Thurea akajibu neno moja: "Sawa." Sikujua kama amekasirika.

Nikabonyeza kitufe cha saa kumi na mbili, na cha saa sita usiku. Asubuhi, kilipowaka tena, sikukibonyeza. Nilichukua daftari la zamu nikaandika: Sipo. Nitarudi Jumatatu. Ningeweza kumwachia kaimu anibonyezee, kila mlinzi wa maghala ya huku anaye, na bima hawajawahi kujua. Lakini nisingeweza, si wiki ile. Mashine zilikuwa zinanguruma vizuri. Nilifunga mlango, ingawa unajifunga wenyewe, na kushuka mpaka barabarani kulisubiri lori la viazi.

Lori hadi Makambako, basi hadi Dodoma. Nililala kwenye nyumba ya wageni ya jirani na stesheni, nikiwa na maneno manne matano tu niliyosema na watu siku nzima, yote ya kuulizia nauli. Jumamosi asubuhi nikapanda treni ya Gulwe. Kadiri tulivyokaribia ndivyo nilivyozidi kujiona mjinga. Hakuwa ameniita. Huenda asinifungulie.

*

Nyumba yake niliijua kwa viti. Vilikuwa vimepangwa uani kwa mduara, vyeupe, thelathini na tisa, havina karatasi yoyote. Yona alikuwa amekaa kwenye kimoja, mtu mrefu, mwembamba, shati lake jeupe limepigwa pasi. Kwenye jiko la mawe sufuria kubwa lilikuwa linachemka. Mbuzi alikuwa mmoja.

"Mbukwa, mzee," nikasema nikiwa mlangoni pa ua. "Ni Tusekile. Wa Wiki."

Aliniangalia kwa muda mrefu, kuanzia viatu vyenye tope jekundu la Kitulo hadi kofia ya sufu ambayo kwa jua lile la Gulwe ilikuwa kituko. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na jagi na beseni. Nikanyoosha mikono. Akaninawisha polepole, na maji yalipokwisha akaendelea kushika beseni pale pale, akiangalia mikono yangu inavyodondosha maji.

"Ina baridi," akasema.

"Ndivyo ilivyo siku zote."

"Kaa. Chagua popote."

Nilikaa karibu naye. Simu yake ilikuwa kwenye kiti cha pili, na kila baada ya muda ilikuwa inatetemeka. Akanisogezea nisome. Mama Semeni alikuwa ameandika kwamba basi limewaharibikia Lindi, na anaomba asisubiriwe kula. Senene mtoto wake anaumwa. Jicho la Tatu amefiwa na jirani. Zilikuwa samahani nzuri, kila moja kwa sauti yake, na yule asiyeongea alikuwa ameandika neno "pole" peke yake.

"Tangu saa moja asubuhi," Yona alisema. "Nilitaka kuizima. Nikashindwa."

Zilipobaki dakika chache kufika saa sita alifungua picha. Kanga alikuwa amesimama kwenye kona yake, kamili, madoa yote meupe. Yona akaweka nukta yake ya saa ile shingoni, kwa kidole, na safari hii hakikuteleza. Madoa mengine nayo yaliwekwa moja baada ya jingine, thelathini na manane, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anajua kinachokuja. Kisha uwanja wote ukawa mweupe. Hakukuwa na mlio wala tangazo. Simu nayo ikaacha kutetemeka.

Tulikaa. Mimi nilikuwa nalia na sikujificha.

"Sikushukuru," alisema baadaye. "Nataka ujue. Ungeniacha, leo ningenuna, kesho ningewaandikia kwamba nimewasamehe."

"Najua, mzee."

"Na wangenijibu vizuri."

"Wangekujibu vizuri sana."

"Nyama ningewagawia mbwa." Akaangalia mduara wa viti, kimoja kimoja, kama aliyekuwa akikagua nani amechelewa. "Lakini wewe usingekuja."

Akainuka, akafunua sufuria, akaonja mchuzi, akaufunika. Halafu akatembea hadi kwenye ua wa minyaa unaotenganisha nyumba yake na ya jirani, akasimama pale mikono nyuma kwa kitambo. Upande wa pili kulikuwa na mtu anafua. Nguo zilikuwa zinasikika zikikamuliwa.

"Jirani," Yona aliita. "Samahani. Wewe unaitwa nani vile?"

Kufua kukasimama. Sauti ya mwanamke ikajibu, kwa mshangao kidogo, kwamba anaitwa Nyemo, na kwamba ameishi hapo mwaka wa saba sasa.